Fungu

Kidato cha Pili B, Kigogo, kipindi cha saba.
Feni moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Joto la Februari, wanafunzi themanini na wanane,
na mimi na chaki fupi kuliko kucha.

Niliandika ubaoni: AYA.
Nikasema aya hubeba wazo moja. Moja tu.
Sentensi kuu itangulie,
nyingine ziifuate zikiieleza,
ya mwisho ifunge mlango.
Wakanakili. Wangenakili hata kikohozi changu.
Lakini masikio yalishatoka dirishani
kwa fundi anayenyoosha bati,
ta ta ta ta, bila nukta.

Nikafuta ubao.
Nani kwao wanauza nyanya?
Mikono kumi na miwili, na mmoja uliopanda nusu.
Semeni, njoo.
(Jina Semeni, na tangu Januari hajasema kitu.)
Chora fungu la mia tano.

Akachora tatu chini, moja juu.
Hii ya juu kazi yake nini?
"Kumwita mteja."
Na za chini?
"Zinaishika isidondoke."
Nikiweka kitunguu hapa katikati?
Darasa zima: "Si fungu tena, Mwalimu!"
Na nyanya iliyooza?
Semeni akawaza. "Mama huigeuzia upande mzuri."
Tulicheka mpaka fundi akanyamaza.

Nikawapa kazi: Soko la mtaani kwetu. Aya moja.

Usiku, Tabata, umeme umekatika,
nasahihisha kwa tochi ya simu
iliyoegeshwa kwenye kopo la chumvi.
Ishirini na sita wameanza na "Katika dunia ya leo."
Mmoja ana "na pia" tisa ndani ya mistari mitano.
Mwingine amefunga: "Mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza."
Kisha daftari la Semeni:

*Soko letu lina meza nyingi.
Wauzaji huamka alfajiri.
Nyanya huja na fuso kutoka Ilula.
Meza ya tatu haina mtu siku hizi.
Bei hupanda mvua ikinyesha.
Wateja hupenda nyongeza.*

Nikaikata ya nne kwa wino mwekundu.
Pembeni nikaandika: Haihusiani.
Kitunguu, nikajisemea, nikafungua daftari jingine.

Jumatatu alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu,
daftari kifuani.
"Mwalimu, hii ndiyo ya juu."
Ipi?
Kidole chake juu ya mstari wangu mwekundu.
"Hizi nyingine nilikuwa naizunguka tu."
Mbona hukuanza nayo?
Akakitazama kidole, si mimi.
"Ingedondoka. Chini hakukuwa na kitu."

Miaka kumi na tisa nafundisha aya.
Nina mwongozo wa kusahihisha, kurasa zimelegea:
alama mbili za sentensi kuu, tatu za ufafanuzi,
moja ya mwandiko.
Niliufunua pale pale, kama mtu anayetafuta chenji
kwenye mfuko anaojua umetoboka.

Nikampa karatasi safi.
Achana na soko, nikamwambia. Anza na meza.

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha.
Kengele ikalia. Wenzake wakakimbilia mihogo.
Yeye akafuta neno, akalirudisha lile lile.

*Meza ya tatu haina mtu siku hizi.
Kitambaa chake cha maua bado kipo, mama hukifua kila Jumamosi.
Mteja mgeni akiweka mkoba juu yake,
mama humwambia taratibu, samahani, hapo kuna mtu.*

Akanikabidhi, akaondoka bila kusubiri alama.

Sentensi tatu.
Mkono wangu, kwa mazoea yake, ukashika kalamu,
ukaenda pembeni kuuliza hitimisho liko wapi.
Uliandika "Hiti"
na wino ukiwa bado tele